Mwenzako akiwa misheni Somalia: nyumbani tupange nini, na kwenye simu tumwambie nini?

Mke wa Kwota (Bombo)

Ndugu zangu wake, waume na wazazi wa askari walioko nje ya nchi, nawasalimu. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila kikosi kinapoingia Singo kwa mazoezi ya mwisho kabla ya kwenda Somalia, maswali yale yale huzuka upya katika kwota zetu, yaani nyumba za kambini, na anayepata jibu ni yule tu aliyebahatika kuwa na jirani mwenye uzoefu. Kikosi cha kwanza cha UPDF, jeshi letu la Uganda, kilitua Mogadishu mwezi Machi 2007. Tangu hapo misheni hiyo ya Umoja wa Afrika imebadilishwa jina mara mbili, AMISOM ikawa ATMIS mwezi Aprili 2022 na ATMIS ikawa AUSSOM mwanzoni mwa 2025, na watoto waliozaliwa mwaka ule wa kwanza wamekwisha kufikia umri wa kuandikishwa jeshini wao wenyewe. Kwa muda wote huo yameandikwa mengi kuhusu mapigano na machache sana kuhusu jiko lililobaki nyuma. Hapa naomba tuzungumzie nyumba. Naomba pia, na hili nalisisitiza, asitokee mtu akaandika namba ya kikosi, kambi aliko mwenzake au siku ya kusafiri.

Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mambo yanayoitesa familia wakati askari hayupo yangeweza kukubaliwa kabla hajaenda Singo. Nasema kabla ya Singo, si kabla ya ndege ya Entebbe, kwa maana akishaingia mazoezini muda wake si wake tena, simu anaipata kwa nafasi, na hesabu za nyumba hazizungumziki na mtu aliyechoka ambaye ana dakika tano tu.

Nianze na pesa. Mshahara wa Uganda unaendelea kuingia benki kila mwezi kama kawaida. Malipo ya misheni ni pesa nyingine, ambayo hutoka kwa wafadhili, hupitia Umoja wa Afrika, kisha serikali, ndipo imfikie askari. Kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi wakati wa AMISOM kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, na nchi zinazotuma majeshi zilikuwa zikikata kama dola 200 kabla ya kumlipa. Mwezi Januari 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukibeba gharama hiyo, ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, na si mara moja malipo hayo yamechelewa kwa miezi mfululizo. Mwanamke anayepanga chakula cha watoto kwa kutegemea pesa inayopita mikono mingi namna hiyo anajiweka hatarini. Kwetu tulikubaliana kwamba nyumba itaendeshwa kwa mshahara peke yake, yaani unga wa posho, maharagwe, makaa, sabuni, matibabu madogo na nauli, na kwamba malipo ya misheni, yakiwahi au yakichelewa, ni ya kiwanja na ujenzi. Karo nayo tuliiweka kwenye mshahara, tukiidunduliza kila mwezi, kwa sababu shule hufunguliwa Februari, Mei na Septemba, dola ziwe zimeingia au hazijaingia.

Hatari iliyo karibu na hiyo ni mkopo. Askari wengi ni wanachama wa Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, na mikopo ya pale imewawezesha watu kujenga, nami ni shahidi. Lakini makato hutoka kwenye mshahara. Mtu akichukua mkopo mkubwa wiki chache kabla ya safari kwa kutegemea dola, na dola zikachelewa, makato hayachelewi, na wanaoona athari yake ni watoto mezani. Kama mkopo ni lazima, mke aione karatasi ya makato kwa macho yake kabla haijatiwa saini, ili ajue kitakachobaki.

Halafu kuna jamaa. Neno dola likifika kijijini, kila mwenye mgonjwa, mwenye harusi na mwenye mtoto wa kulipiwa karo humpigia mke simu. Akikataa huitwa mchoyo. Akikubali, mumewe akirudi huambiwa alikuwa akizitapanya. Lililotusaidia sisi ni mume kuzungumza na wazee wake kabla ya kuondoka, mke akiwepo, awaeleze kwa kinywa chake atakachoweza kusaidia na asichoweza. Kauli hiyo ikitoka kwake inasikika. Ikitoka kwa mke, hata akiirudia mwaka mzima, huonekana ni hila.

Jambo ambalo bado sijalipatia jibu la kuniridhisha ni la simu. Mtoto akilazwa, nimwambie baba yake aliye Shabelle ya Chini, ambaye hawezi kufanya lolote isipokuwa kukesha kwa wasiwasi, au ninyamaze mpaka apone? Wengine hapa kwota huficha kila kitu, na wengine husimulia mpaka ugomvi wa bombani. Naomba waliokaa upande ule watusaidie.

Sajenti Mstaafu (Masindi)

Mama, nakushukuru kwa uzi huu. Nilikuwa Mogadishu katika miaka ya mwanzo, wakati jiji lenyewe lilikuwa bado linagombewa mtaa kwa mtaa, na nitajibu kwa upande wa yule anayepokea simu.

Kwanza muda. Saa ya Mogadishu na ya Kampala ni moja, lakini jua la kule huzama mapema kwa karibu saa nzima. Mke hapa humaliza kazi zake, huwalisha watoto, na saa moja jioni hupata nafasi ya kupiga. Kule giza limekwisha ingia, na giza linapoingia kila mtu huwa katika nafasi yake ya ulinzi. Simu haipokelewi. Nyumbani mtu huanza kuwaza mauti, au mwanamke mwingine, na kesho yake mazungumzo huanza kwa lawama. Nyumba nyingi zingepona kama zingekubaliana kwamba askari ndiye anayepiga, nyumbani wanangoja, na ukimya wa siku mbili tatu hauhesabiwi kuwa habari.

Kuhusu kuficha, mimi nasema usifiche, lakini usitoe habari nusu. Kilichotuumiza zaidi kule ni nusu ya habari. Mke anasema, "Mtoto amepata tatizo kidogo, nitakueleza kesho," kisha mtandao unakatika. Usiku ule askari yuko zamu, macho yako gizani na moyo uko hospitalini. Ni afadhali angengoja saa chache mpaka daktari aseme ni nini, kisha amwambie mumewe kwa mpangilio: mtoto ameugua malaria, amelazwa, dawa ameanza, pesa imepatikana kutoka mahali fulani, dada yangu yuko naye. Askari akisikia kwamba kuna mtu anayeshughulika, anaweza kulibeba. Na kama uamuzi wake unahitajika, aulizwe swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana, maana hana nafasi ya baraza.

Wapo wenzangu waliofichwa kifo cha mzazi mpaka waliporudi. Waliofanya hivyo walikuwa na huruma, nami siwalaumu, lakini nimeona chuki iliyobaki, kwa sababu mtu hujiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa, na hapo hata habari njema haziaminiki tena.

Sasa niseme jambo ambalo mama, kwa heshima yake, hakuligusa. Baadhi yetu tuna nyumba mbili. Askari anayeondoka bila kuzieleza nyumba zote mbili kila moja itapata nini anawaacha wanawake wawili wagombane kwa niaba yake. Ayaseme mwenyewe, mbele ya mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote, na kiasi kiandikwe.

La mwisho ni siku za shambulio. Tumeona kambi yetu ya Janaale kule Somalia ikishambuliwa tarehe 1 Septemba 2015, na tumeona ya Buulo Mareer tarehe 26 Mei 2023, ambapo Rais alikuja kutangaza siku kadhaa baadaye kwamba tulipoteza askari 54. Katika siku hizo za katikati, picha na majina yalizunguka kwenye WhatsApp, mengine ya kweli na mengine ya uongo, na kuna mama waliolia msiba wa watu walio hai. Kila familia ichague mtu mmoja wa kufuatilia habari na kuzungumza na ofisi ya kikosi. Wengine wote waweke simu chini, wasisambaze kitu, wala wasimpigie askari simu mfululizo, kwa sababu huenda simu yake imezimwa kwa amri.

Mama wa Arua

Wanangu, mimi ni mzazi, si mke. Mwanangu hajaoa rasmi, lakini ana mtoto na msichana wa Koboko, na fomu ya jeshini imeandikwa jina langu kuwa ndiye ndugu wa karibu. Msichana ananiuliza mtoto wake atakuwa mgeni wa nani ikiwa jambo litatokea. Nimeshindwa kumjibu. Nawaombeni mwenye kujua aniambie bila kuninong'onezea, nimekwisha zika watu na siogopi kusikia.

Karani wa Zamani (Mbuya)

Mama, swali lako lina maana kubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa, na watu hulikwepa kwa kudhani kulizungumza ni kuita mabaya.

Jina lililo kwenye fomu ya jeshi linasaidia jeshi kujua limpashe nani habari na lianze kuzungumza na nani. Halimfanyi mtu huyo kuwa mrithi peke yake. Kwa askari anayefariki katika misheni ya Umoja wa Afrika kiasi kinachotajwa cha fidia ni dola 50,000, na pesa kama hiyo, pamoja na haki zake za utumishi wa hapa nchini, haitolewi kwa maneno ya ukoo. Mzazi au ndugu anayeomba kusimamia mali ya marehemu asiyeacha wosia huanza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na uthibitisho wa kifo, hupita ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali apate cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo mahakama impe barua za usimamizi. Safari hiyo ni ndefu hata familia ikiwa na umoja. Ikiwa kuna ugomvi, huchukua miaka.

Mjukuu wako si mgeni. Sheria ya urithi ya Uganda haimtengi mtoto kwa sababu wazazi wake hawakufunga ndoa. Linaloweza kumponza ni kukosa ushahidi. Kwa hiyo mtoto aandikishwe NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, sasa, baba yake akiwa hai na jina lake likiwa kwenye cheti. Kama wazee wamekwisha kupokea mahari, ndoa hiyo ya kimila iandikishwe kwenye ofisi ya kaunti ndogo. Na mwanao aandike wosia, hata ukiwa wa ukurasa mmoja, mashahidi wawili waushuhudie akitia saini, na wasiwe watu wanaorithi chochote ndani yake. Nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa mtu asiye wa ukoo.

Askari Mama (Mbarara)

Nimesoma yote, na naona kila mtu anaandika kana kwamba anayeondoka ni mwanamume. Mimi ni mwanajeshi, nilikwenda, na mume wangu, ambaye ni raia, ndiye aliyebaki na watoto. Wanawake tuko katika vikosi hivyo, na nyumba zetu zina shida zake.

Mume aliyebaki hana kundi. Wake wa askari huketi pamoja na kufarijiana. Yeye huulizwa sokoni ni mwanamume wa namna gani anayetumiwa pesa na mkewe. Kilichomtegemeza ni dada zake wawili waliopeana zamu za kuja nyumbani, na kaka yangu aliyemwambia mbele ya wazee kwamba anafanya kazi ya heshima. Wenye kaka au mashemeji wa namna hiyo, msiwaache peke yao kwa kudhani mwanamume hahitaji kuulizwa hali.

Mtoto wangu mdogo alikuwa amekwisha kuachishwa ziwa lakini hajaanza kusema. Nilikuwa nikirekodi sauti, nyimbo fupi na hadithi za sungura, na baba yake akizicheza wakati wa kulala. Hata hivyo niliporudi alikuwa akimwita bibi yake mama, na ilichukua muda kabla hajakubali nimwogeshe. Nawaambia wanaokwenda wajiandae kwa hilo, na nyumbani wasimcheke mtoto wala wasimlazimishe.

Ama kuhusu simu, nilichokitamani kusikia hakikuwa maneno makubwa ya kunitia moyo. Nilitaka kujua mkungu wa matoke umefika bei gani, kama mvua imenyesha, kama ng'ombe wa jirani ameingia tena kwenye mahindi. Chakula cha misheni hakikutupungukia, lakini mwenzetu aliyerudi kutoka likizo na chupa ya siagi ya karanga na ufuta au mfuko wa mukene (dagaa) mkavu alipokewa kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Kama kuna askari jirani anayerejea kule, mpe kitu kidogo kisichooza, chenye jina la mwenzako juu yake.

Mke wa Shujaa (Kasese)

Naomba tusiwasahau walio Congo. Operesheni Shujaa ilianza tarehe 30 Novemba 2021, na waume zetu wamo katika misitu ya Ituri na Kivu ya Kaskazini wakiwasaka waasi wa ADF. Kwetu hakuna dola; tunaishi kwa mshahara. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa ni karibu basi tunazungumza zaidi, lakini msituni mtandao ni wa kubahatisha, na nimewahi kukaa muda mrefu bila kusikia sauti yake ilhali milima ya upande ule naiona nikiwa mlangoni.

Kwetu hofu hupita njia mbili. Tarehe 16 Juni 2023 ADF walivuka wakaua wanafunzi katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na usiku ule waliokuwa msituni ndio waliokuwa wakitafuta mtandao kuuliza kama watoto wao wako hai. Tangu hapo tuna makubaliano: likitokea jambo upande wetu, ujumbe wa kwanza ninaoutuma ni maneno mawili tu, "Wote wazima," hata kabla sijajua kilichotokea, na maelezo hufuata. Afande wa Masindi, naona unapinga habari nusu. Katika hali kama hii naomba nitofautiane nawe, maana maneno hayo mawili yakimfikia, yanamtosha kwa usiku ule.

Sajenti Mstaafu (Masindi)

Nakubali, mama. Hiyo ni habari kamili, ila ni fupi.

Mwalimu wa Kambi (Nakasongola)

Neno fupi kutoka darasani. Tuambieni mzazi anapoondoka. Mtoto huanza kupigana, au kusinzia, au kulia bila sababu, nasi tukamwadhibu kwa utundu kumbe nyumbani kuna kiti kitupu. Wale wa darasa la saba ndio ninaowahurumia zaidi, kwa sababu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, huja Novemba, na baadhi yao huwa wameahidiwa kwamba baba atakuwa amerudi. Msiwape watoto tarehe. Kikosi cha kubadilishana kikichelewa, mtoto haelewi mambo ya ndege na ratiba; anaelewa kwamba baba amesema uongo. Mwambieni atarudi kazi ikiisha, kisha mpeni kitu cha kumfanyia baba, kama kumwandikia alama zake za kila mwisho wa muhula.

Mke wa Kwota (Bombo)

Nawashukuru wote. Nimejibiwa zaidi ya nilivyouliza, na nimeazimia kushika la Sajenti pamoja na la mama wa Kasese: nitangoja niwe na habari nzima, isipokuwa pale ambapo jambo la kwanza la kusema ni kwamba tuko salama.

Niongeze la mtandao, kwa kuwa wengi wetu tunategemea WhatsApp. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na uchaguzi wa mwezi huo ulipofika intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Walioko Somalia walisikia kwamba Uganda imekuwa kimya, na sisi hatukuweza kuwaambia kwamba tuko nyumbani tumeketi. Kwa hiyo kila nyumba iwe na njia ya pili: namba ya kawaida iliyoandikwa kwenye karatasi, salio la kupiga nje ambalo haliguswi, na jamaa mmoja aliye Kenya au kwingineko ambaye pande zote mbili zinaweza kumfikia.

Naomba pia tusiishie kwenye safari ya kwenda, kwa maana kurudi nako kunahitaji kupangwa, na hapa naona tunafanya haraka mno. Ndege ikitua Entebbe, ukoo mzima unataka sherehe, ng'ombe achinjwe na hotuba zitolewe. Mwanamume mwenyewe halali vizuri, anashtuka mlango ukibamizwa, na anakuta nyumba ambayo imejifunza kwenda bila yeye: mke anaamua mambo ya karo, mtoto mkubwa ndiye anayefunga mlango usiku, na hakuna anayemuuliza. Wengine hujibu kwa ukali, kila mtu akaumia. Mimi nilimwomba mama mkwe sherehe isogezwe mwezi mmoja mbele, naye akakubali baada ya kunung'unika kidogo. Katika mwezi ule tulikaa na daftari la matumizi, ukurasa kwa ukurasa, si kwa kuhojiana, bali ili ajue kila shilingi ilikwenda wapi, na kazi za nyumba akazirudia moja baada ya nyingine. Usingizi ukiendelea kumpaa baada ya hapo, aende hospitali ya jeshi aseme waziwazi. Kuna wauguzi na washauri wanaolijua jambo hilo, na halimpunguzii mtu cheo.

Mama wa Arua, mwanao akija likizo, nendeni wote watatu, yeye, wewe na msichana yule, pamoja na mtoto, mkaanze na mwenyekiti wa LC1 na NIRA siku ile ile kabla wageni hawajajaa nyumbani. Ukikwama mahali, andika hapa, Karani yuko. Na wale ambao watu wao wako Sudan Kusini hawajasema kitu: kule pesa zinafikaje nyumbani, na simu zinapatikana wakati gani?